Joto la Chipu ya Kompyuta

Kompyuta iliyowekwa katika ofisi ya shule huko Mbingu, chini ya milima ya Udzungwa, hupozwa kwa hewa ya bonde la Kilombero. Feni, hata ikizunguka kwa kasi namna gani, haiwezi kuishusha chipu chini ya joto la hewa inayoipuliza. Chipu inayoizidi hewa kwa nyuzi 50 za Sentigredi hufika nyuzi 70 mahali penye nyuzi 20; Mbingu, siku ya nyuzi 33, itafika 83. Basi yafaa kuuliza nyuzi hizo 50 zatoka wapi, na jibu kwa sehemu kubwa limo kiwandani.

Chipu ni kipande cha silikoni chenye transista nyingi mno, yaani swichi ndogo za umeme. Kila swichi inapowaka na kuzimika, nishati kidogo hugeuka kuwa joto, na joto hilo hufuata mraba wa volteji: volteji ikipunguzwa kwa asilimia 10, joto hupungua kwa asilimia 19. Ndiyo maana watengenezaji walizidi kuzifanya transista ndogo, zitosheke na volteji ndogo. Lakini udogo una gharama yake. Umeme huvuja hata swichi ikiwa imezimwa, na joto hubanwa mahali padogo.

Mfano mzuri ni wa kampuni ya Intel. Prosesa yake ya Core i7-2600K ya mwaka 2011 ilikadiriwa wati 95 juu ya milimita za mraba 216. Ile iliyoifuata mwaka 2012, i7-3770K, ilikadiriwa wati 77 tu, lakini juu ya milimita za mraba 160. Wati zilipungua, ila kila milimita ya mraba ilibeba wati 0.48 badala ya 0.44. Tena, kati ya silikoni na mfuniko wake wa metali, lehemu iliondolewa ikawekwa dawa nzito ya kupaka, ambayo hupitisha joto kwa shida zaidi. Waliozikimbiza prosesa hizo kupita kasi ya kiwandani waliona joto likipanda upesi. Mwaka 2018 Intel iliirudisha lehemu katika i9-9900K.

Prosesa za namna hii zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe. Wanafunzi waweza kulipima jambo hili: kompyuta ipewe hesabu ile ile nzito saa moja asubuhi na saa nane mchana, kisha joto la hewa, joto la chipu na muda uliotumika viandikwe. Kipimo kirudiwe baada ya kupangusa vumbi la kiangazi kwenye mapezi ya kupozea.