Shughuli Ikifutwa Kwenye Ratiba ya Mradi, Mkazi Aulize Nini?

Kila mradi wa umma, uwe wa barabara, zahanati au soko, huwa na ratiba ya kazi. Siku hizi ratiba nyingi huandaliwa kwa programu za kompyuta kama Microsoft Project na Primavera P6. Ripoti za maendeleo zinazosomwa kwenye mikutano ya wadi, zikisema mradi umefika asilimia fulani, mara nyingi hutokana na ratiba hizo. Ni vyema mkazi aelewe jinsi asilimia hiyo inavyopatikana, na jinsi inavyoweza kubadilika bila jiwe hata moja kuongezwa.

Ratiba ya msingi ni nini?

Mwanakandarasi na wahandisi wanapokubaliana kuhusu kazi zote, muda wa kila kazi na gharama zake, mpango huo huhifadhiwa ndani ya programu kama ratiba ya msingi. Hii ndiyo ahadi ya mwanzo. Baada ya hapo, ratiba ya kila siku itabadilika: mvua itanyesha, saruji itachelewa, mafundi watapungua. Ratiba ya msingi haibadiliki. Kazi yake ni kutuonyesha tofauti kati ya kilichoahidiwa na kinachofanyika.

Mfano wa zahanati

Tuchukue mfano wa zahanati yenye shughuli sita zinazofuatana: msingi wiki 4, kuta wiki 6, paa wiki 4, plasta na rangi wiki 4, tangi la maji wiki 3 na choo wiki 3. Jumla ni wiki 24.

Tuseme shughuli nne za kwanza zimekamilika. Kazi ya wiki 18 kati ya 24 imefanyika, kwa hivyo mradi umefika asilimia 75. Sasa mtu anafuta tangi na choo kwenye ratiba. Zinabaki shughuli nne za wiki 18, na zote zimekamilika. Programu inahesabu upya na kuandika asilimia 100. Ripoti inasema zahanati imekwisha, lakini mama aliyekuja kujifungua hana maji wala choo.

Kompyuta haikudanganya. Imehesabu ilichopewa.

Alama inayobaki, na jinsi inavyopotea

Katika Microsoft Project, shughuli ikifutwa, kumbukumbu zake za msingi hufutwa pamoja nayo. Hata hivyo, mstari wa jumla ya mradi huendelea kubeba takwimu zilizohifadhiwa mwanzo. Katika mfano wetu, mstari huo bado utaonyesha wiki 24 za msingi, ilhali shughuli zilizobaki zikijumlishwa ni wiki 18. Pengo hilo la wiki 6 ndilo linalomwonyesha mkaguzi kwamba kuna kitu kimeondolewa.

Tatizo kubwa hutokea pale ratiba ya msingi inapohifadhiwa upya juu ya ile ya kwanza. Hapo wiki 24 hugeuka kuwa 18 na pengo hutoweka. Primavera P6 hufanya kazi kwa njia tofauti: ratiba ya msingi huhifadhiwa kama nakala kamili ya mradi, hivyo shughuli iliyofutwa kwenye ratiba ya sasa bado huonekana kwenye nakala hiyo, mradi tu nakala yenyewe itunzwe.

Kufuta huleta pia hatari ya kiufundi. Shughuli huunganishwa kwa mpangilio: rangi husubiri plasta, na plasta husubiri kuta. Plasta ikifutwa bila kuunganisha upya, rangi hubaki haina cha kusubiri, na programu inaweza kuirudisha hadi siku ya kwanza ya mradi, kabla ya ukuta kujengwa.

Njia iliyo sahihi

Si kila shughuli inayoondolewa ni hila. Huenda mfadhili mwingine amejenga tangi, au bajeti imepunguzwa. La muhimu ni mabadiliko yaonekane:

• Shughuli ambayo haijaanza isifutwe, bali izimwe. Microsoft Project Professional, tangu toleo la 2010, ina njia ya kufanya hivyo: jina hubaki likiwa limepigwa mstari, lakini halihesabiwi tena kwenye ratiba.
• Shughuli iliyokwisha kuanza ibaki ilivyo. Irekodiwe ilipofikia, kisha kazi iliyobaki ndiyo iondolewe.
• Iandikwe sababu, tarehe na barua ya idhini.
• Ratiba mpya ya msingi ihifadhiwe kando, na ile ya kwanza iachwe. Microsoft Project inaweza kutunza ratiba za msingi 11 katika faili moja, kwa hivyo hakuna haja ya kufuta ya zamani.

Sheria inasemaje?

Ratiba si kandarasi. Kufuta mstari kwenye kompyuta hakumwondolei mwanakandarasi wajibu wake. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, kifungu cha 139, inataka mabadiliko ya kandarasi yaidhinishwe kwa maandishi. Kwa kazi za ujenzi, kiasi cha kazi kisibadilike kwa zaidi ya asilimia 20 ya kiasi cha awali, na mabadiliko yote kwa pamoja yasipandishe bei ya kandarasi kwa zaidi ya asilimia 25.

Kwa hivyo shughuli ikiondolewa, pesa zake pia zina hesabu. Tuseme zahanati yetu ilipewa shilingi 6,000,000, na tangi na choo vilitengewa shilingi 900,000. Vikiondolewa kihalali, malipo yapungue kwa kiasi hicho, au idhini ieleze pesa zimeelekezwa kwenye kazi gani.

Maswali ya kuuliza kwenye baraza

1. Asilimia hii imepimwa kwa ratiba ya msingi ya kwanza au iliyorekebishwa?
2. Ni shughuli gani zilizoondolewa, na nani aliidhinisha?
3. Orodha ya vipimo na bei, ile ambayo mafundi huiita BQ, inalingana na kilichojengwa?
4. Pesa za kazi iliyoondolewa ziko wapi?

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, unaweza kuomba hati hizi kwa Kiswahili au Kiingereza, na ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Asiyeweza kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Ukinyimwa, unaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30.

Wakazi wanahimizwa kuomba ratiba ya msingi mapema, mradi unapozinduliwa, na kamati ya mradi iitunze nakala. Asilimia itakaposomwa siku ya mkutano, mtakuwa na karatasi ya kuilinganisha nayo.