Kisu cha Jirani

Jumapili moja ya Desemba, mtaa wa Isevya mjini Tabora, niliona mtoto wa miaka tisa hivi akivuka barabara na jogoo kwapani. Mama yake, Mkatoliki aliyetoka misa ya kwanza, alikuwa na wageni, na mmoja wa wageni hao alikuwa shemeji yake Mwislamu. "Mpelekee babu wa nyumba ya pili akuchinjie," alimwambia, "na umwamkie kwanza, usimrushie kuku tu." Mzee alitoka na kikoi, akaitikia marahaba, akajaribu makali ya kisu kwa kidole gumba. Hakuridhika. Akageuza kikombe cha udongo kichwa chini, akanoa mara tatu nne kwenye kitako chake, kisha akamlaza jogoo upande wa kibla. Bismillahi, Allahu Akbar. Jogoo alifunikwa karai akapapatika humo mpaka akatulia, na mtoto akarudi naye nyumbani akining'inia miguu juu, damu ikidondoka mchangani.

Pale nyumbani hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo. Mimi ndiye niliyekaa nikilifikiria, kwa sababu wiki ile nilikuwa nikisoma sura ya 11 ya Mambo ya Walawi na nimejaa maswali ya vyakula vya Wayahudi.

Tabora haina sinagogi. Myahudi anayejulikana zaidi katika historia yake hakuwa tena Myahudi alipofika: Emin Pasha, aliyezaliwa Oppeln mwaka 1840 kwa jina la Schnitzer katika familia ya Kiyahudi, akabatizwa Mlutheri angali mtoto, kisha akajiita Mehemet Emin baada ya kuingia utumishi wa Waturuki. Mwaka 1890 alifika Tabora na msafara wa Wajerumani, akapandisha bendera yao na kupatana na Waarabu wa hapo. Mtu mmoja aliyekwisha kupita katika nyumba zote tatu za Ibrahimu, ameketi barazani Tabora akinywa kahawa. Mji ule ulikuwa umezoea watu wa namna hiyo, waliotoka kwingine na kuelekea kwingine.

Uzoefu huo ulitokana na njia. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,200, na Tabora, ambayo Burton na Speke waliikuta mwaka 1857 ikiitwa Kazeh, ndiyo iliyokuwa pumziko kubwa kabla ya njia kugawanyika. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na wengi wao hawakuwa Waislamu. Waungwana wa pwani walikuwa Waislamu. Watu walipata posho yao, wakajigawa kwa makambi, kila kambi na chungu chake. Ng'ombe akinunuliwa, au mbogo akipigwa risasi, swali lilikuwa moja tu: nani ashike kisu? Mnyamwezi alikula nyama iliyochinjwa na yeyote. Mtu wa pwani hakula kibudu. Basi kisu kikaenda kwa mwenye sharti, wote wakala. Wawindaji wa Kizungu walinung'unika sana: mnyama akianguka tu, wapagazi wa pwani wanamkimbilia na visu ili wamwahi kabla hajakata roho.

Nadhani desturi ya Isevya ilianzia humo makambini. Haikuamuliwa msikitini wala kanisani. Ni hesabu ya watu waliokuwa na ng'ombe mmoja na njaa nyingi.

Sasa uweke mezani mwiko wa Kiyahudi, uone jinsi hesabu inavyobadilika. Chakula kinachofaa Wayahudi hukiita kosheri. Mnyama wa nchi kavu awe na kwato zilizopasuka na awe anacheua: ng'ombe, mbuzi, kondoo na swala wamo; nguruwe, ngamia na sungura hawamo. Wa majini awe na mapezi na magamba. Hadi hapo Mwislamu wa Tabora na Msabato wa Kigoma wanaweza kufuatana na Myahudi sehemu kubwa ya njia, na Msabato zaidi, kwa kuwa sura ya Walawi anaisoma kwa macho yale yale: mweke kambale mbele yake uone atakavyosogeza sahani. (Ngamia ni mmoja wa wanaowatenganisha Mwislamu na Myahudi, lakini Tabora ngamia si kitoweo cha kugombania.)

Penye kisu ndipo wanapoachana. Mchinjaji wa Kiyahudi ni mtu aliyesomea kazi hiyo na kupewa idhini. Kisu chake hakina ncha, na kabla ya kuchinja hupitisha ukucha juu ya makali, pande zote, akitafuta pengo. Likipatikana pengo la kukwama ukucha tu, kisu hakifai. Baada ya kuchinja hukagua mapafu, maana mnyama mwenye kasoro fulani ndani harudi tena kuwa halali hata kama alichinjwa vizuri. Nyama nayo hailiwi mpaka itolewe damu: inalowekwa nusu saa, inapakwa chumvi saa nzima, inaoshwa. Mzee wa Isevya na kikombe chake cha udongo, pamoja na ukali wote wa kisu chake, hawezi kumchinjia Myahudi mshika dini.

Lakini Myahudi anaweza kumchinjia yeye. Sura ya Al-Maida, aya ya 5, inahalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, na Waislamu wengi wanaoishi miji ya Marekani na Ulaya wameitumia ruhusa hiyo: duka la halali likiwa mbali, hununua nyama yenye alama ya kosheri. Mtu aliyekulia Tabora, aliyezoea kuletewa majogoo wa mtaa mzima, anajikuta New York akitegemea kisu cha jirani. Sijui kama shehe wake wa utotoni angecheka au angekunja uso.

Aya hiyo hiyo imeleta maneno huku kwetu. Kama chakula cha watu wa Kitabu ni halali, wameuliza baadhi ya Wakristo, kwa nini kuchinja kuwe kazi ya Waislamu peke yao? Wengine wamekwenda mbali zaidi, wakishika maneno ya Paulo kwa Wakorintho na kusema hawataki nyama iliyosomewa dua isiyo yao. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, ugomvi huo ulimwaga damu ya watu, mchungaji mmoja akauawa. Kwa hiyo sitaki kuipamba desturi ya misafara kama kwamba haina uchungu. Aliyekubali kisu kiende kwa mwenzake amempa kitu, na anayepewa kila siku husahau kuwa ni zawadi. Kuna Wakristo wa Tabora, hasa Wachaga waliohamia kwa biashara, wanaotamani kisusio mwaka mzima na hawakipati, maana kisusio kinataka damu na damu ya machinjio inakwenda mferejini. Hilo si dogo kwa mwenye kulikosa. Wanasahau tu kwamba Mitume wenyewe, katika Matendo 15, waliwaagiza waumini wa mataifa wajiepushe na damu na vilivyosongolewa. Sheria hiyo iko katika Agano Jipya na sijawahi kuisikia ikihubiriwa.

Nguruwe naye ana utaratibu wake. Kitimoto, au mbuzi katoliki kwa wenye utani, ana bucha lake, jiko lake, kisu chake na gogo lake la kukatia, na kwa kawaida yako mbali kidogo na njia ya msikitini. Nyumba ya Kiyahudi ina vyombo seti mbili, vya nyama na vya maziwa, visichanganyike hata katika kuoshwa, kwa sababu Torati imesema usimtokose mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Wamaasai wana jambo la kufanana na hilo bila Torati: hawapendi nyama na maziwa vikutane tumboni. Sisi mpaka wetu hatukuuweka kabatini. Tumeuweka barabarani, mji mzima ukiwa kama jiko moja lenye seti mbili.

Anayetaka kuona Torati jikoni mwa Waafrika wa Mashariki aende Mbale, Uganda. Semei Kakungulu, jemadari aliyewashindia Waingereza nchi wasimlipe kama alivyotarajia, alitahiriwa yeye na wanawe mwaka 1919 na kujitangaza Myahudi kwa kusoma Biblia tu. Baadaye kidogo mgeni aliyeitwa Yosef aliwafundisha Abayudaya, kama wanavyoitwa wafuasi wa Kakungulu, kalenda na sheria za vyakula. Idi Amin aliwapiga marufuku. Wakasali kwa siri. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alipata urabi Los Angeles mwaka 2008. Abayudaya wanaishi kati ya Wakristo na Waislamu kama watu wa Tabora, isipokuwa wao ndio wenye sharti gumu zaidi, na hakuna jirani anayeweza kuwachinjia. Ule ujanja wa misafara, kumpa kisu mwenye sharti, pale ungetaka Myahudi awe mchinjaji wa mtaa.

Na senene? Uganda na Bukoba, Novemba ikifika, ndio kitoweo. Walawi 11 inaruhusu wadudu wa jamii ya nzige wenye miguu ya kurukia, lakini Wayahudi wengi wamepoteza elimu ya kuwatambua aina kwa aina, hivyo wamewaacha wote. Wayahudi wa Yemen ni miongoni mwa waliobaki wakila nzige kwa kurithishana. Kumbikumbi wetu wa mvua za kwanza hawana pa kupenyea. Hawaruki, wanatambaa na kupuruka, basi.

Nimejaribu kumtembeza kichwani mgeni Myahudi mshika dini, ashuke kwenye treni ya reli ya kati katika stesheni ya Tabora, aende sokoni na njaa. Maembe, yale ambayo tunaambiwa mbegu zake zilitupwa na misafara njia nzima: anakula. Karanga mbichi: anakula. Asali ya miombo kutoka Sikonge, nayo ina kisa chake: nyuki ni haramu kwake, lakini asali ya nyuki ni halali, kwa kuwa marabi walisema nyuki huibeba tu, haitoki mwilini mwake. Migebuka ya Kigoma ataichukua ikiwa mizima na magamba yake, aikate kwa kisu chake mwenyewe. Michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, haina neno. Matobolwa yamechemshwa kwanza, na hapo ataanza kuuliza yalichemshwa katika sufuria gani na nani aliwasha moto. Kuku wa mama wa Isevya atamwangalia tu.

Jioni atabaki na kiazi kitamu cha kuchoma majivuni, kisicho na sufuria wala kisu. Hapo Mkatoliki, Mwislamu, Msabato na yeye wanaweza kuketi mkeka mmoja. Ila kuna sharti la mwisho, la baadhi ya Wayahudi kuhusu chakula kilichopikwa na asiye Myahudi: yeye mwenyewe awe na mkono katika moto, hata kwa kutia kijiti kimoja. Basi atamwomba mama mwenye jiko ruhusa ya kuchochea. Naye atasogea kidogo, ashike kiuno, awaite majirani waje waone mgeni wa kiume anayegombea kukaa jikoni.