Siku ya Kuingia Bure katika Makumbusho ya Diaspora ya Kiafrika, San Francisco

Neno «diaspora» lilipoingia katika Kiswahili lilikuta maneno mawili yaliyolitangulia. La kwanza ni ughaibuni, lenye mzizi wa Kiarabu unaohusu kutokuwapo: aliye ughaibuni hayupo machoni petu, lakini kwao kunajulikana, naye hutarajiwa kurudi. La pili ni mtawanyiko, linalotaja tendo la kutawanyika bila kumtaja aliyetawanya. Hakuna hata moja linalowatosha watu ambao mababu zao walivushwa bahari kwa nguvu, na ambao kwao si kijiji chenye jina bali ni bara zima. Habari za watu hao, na za Waafrika wengine walioenea duniani, ndizo shughuli ya makumbusho yaliyofunguliwa San Francisco, Marekani, mwaka 2005, kwa jina la Museum of the African Diaspora.

Msomaji aliyezoea Makumbusho ya Lubumbashi, pamoja na vinyago na vyombo vyake vya kale, angeona tofauti mara moja. Makumbusho haya ya San Francisco hayakujengwa juu ya hazina ya vitu. Kazi za wasanii, hasa wa siku hizi, huazimwa, hutundikwa kwa miezi kadhaa, kisha hurudishwa. Mahali penyewe ni ghorofa tatu za chini za mnara wa hoteli na makazi ya kifahari, wenye ghorofa zaidi ya 40, katika mtaa wa Mission. Ndani yake kuna uso wa msichana uliopanda ghorofa zote tatu nyuma ya kioo, kutokana na picha iliyopigwa na Chester Higgins. Anayeukaribia hugundua kuwa uso huo umeundwa kwa picha ndogo zaidi ya 2,000. Mpita njia huuona bila kutoa senti. Kinacholipiwa ni kuingia ndani, isipokuwa siku maalumu.

Mojawapo ya siku hizo imekuwa Jumatatu ya tatu ya Januari, sikukuu ya Martin Luther King, iliyoanza kuadhimishwa kitaifa mwaka 1986. Siku hiyo watu huandamana mpaka bustani za Yerba Buena, penye maporomoko ya maji yaliyozinduliwa mwaka 1993 kwa kumbukumbu ya King. Nyuma ya maji hayo maneno yake yameandikwa pamoja na tafsiri za lugha mbalimbali. Kutoka hapo mpaka mlango wa makumbusho ni kuvuka mtaa tu. Ratiba ya siku ya namna hii aghalabu huwa na filamu, mashairi yanayosomwa mbele ya hadhira, meza za watoto za rangi na karatasi, na maelezo ya kazi zilizotundikwa. Haifanani na «siku ya milango wazi» ya vyuo vyetu, ambapo wenyeji huwaonyesha wageni nyumba yao. Hapa anayeingia ndiye anayesemekana kuwa mwenyeji, maana siku huitwa siku ya jamii.

Jamii ipi? Swali hili si la kisarufi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waamerika Weusi kutoka Louisiana, Texas na kwingineko walifika San Francisco kufanya kazi katika viwanda vya meli. Wengi walikaa mtaa wa Fillmore, katika nyumba ambazo wakazi wenye asili ya Japani walikuwa wamehamishwa kwa amri ya serikali mwaka 1942. Mtaa ukawa maarufu kwa vilabu vya jazi. Kisha, tangu miaka ya 1950, mamlaka ya ujenzi mpya ya jiji iliubomoa sehemu kubwa. Maelfu ya kaya ziliondoka. Baadhi zilipewa hati za kuahidiwa kipaumbele cha kurudi, nazo ni chache zilizopata kutumika. Mwaka 1970 Weusi walikuwa takriban asilimia 13 ya wakazi wa jiji. Mwaka 2020 walikuwa kama asilimia 5.

Mamlaka hiyo hiyo ndiyo iliyomshurutisha mjenzi wa mnara wa mtaa wa Mission kutenga nafasi kwa ajili ya utamaduni wa Waamerika Weusi. Mkono uliovunja nyumba ndio uliotoa ukumbi. Si haki kuwalaumu waendeshaji wa makumbusho kwa hilo, wala si busara kulisahau: kiingilio kinapoondolewa, kizuizi kinachobaki ni umbali. Mjukuu wa mkazi wa Fillmore huenda akalazimika kupanda treni ipitayo chini ya ghuba kutoka Oakland, na jioni kurudi huko, katika mji ambao Weusi walikuwa karibu nusu ya wakazi mwaka 1980 na hawakufikia robo mwaka 2020.