Kibali cha ujenzi huanzia kiwanjani, si kwenye ramani

KWA wakazi wengi wa Dar es Salaam, kujenga nyumba ni kazi ya miaka. Tofali hununuliwa kwa mafungu, nondo husubiri mshahara wa mwezi ujao, na mara nyingi familia huhamia kabla madirisha hayajawekwa vioo.

Ndiyo maana nyumba inapochorwa alama nyekundu ya X, kinachopotea si kuta peke yake, bali ni akiba ya nusu ya maisha.

Mwishoni mwa mwaka 2015, tingatinga ziliangusha nyumba zilizokuwa katika Bonde la Msimbazi. Mwaka 2017 ikawa zamu ya wakazi wa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, ambao walielezwa kuwa nyumba zao zimo ndani ya hifadhi ya barabara.

Si kila anayejenga bila kibali hufanya hivyo kwa ukaidi. Wengi hukosea mpangilio wa hatua: hununua ramani ya nyumba iliyowapendeza, humtafuta fundi, huchimba msingi, kisha ndipo huuliza halmashauri inataka nini. Kufikia hapo, jibu huwa limekwisha kuwa ghali.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, hairuhusiwi kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango bila idhini ya mamlaka husika. Kwa Dar es Salaam, mamlaka hizo ni Halmashauri ya Jiji, ambayo hadi mwaka 2021 ilikuwa Manispaa ya Ilala, pamoja na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

Jambo la kwanza ambalo halmashauri hutazama si uzuri wa nyumba, bali uhalali wa mahali itakaposimama. Mwombaji hutakiwa kuonyesha hati miliki au barua ya toleo, pamoja na stakabadhi za kodi ya ardhi.

Hapa ndipo wengi hukwama. Mkataba wa mauziano uliopigwa mhuri wa serikali ya mtaa huthibitisha kuwa muuzaji na mnunuzi walikubaliana. Hauthibitishi kuwa eneo limepimwa, wala kuwa mchoro wa mipango miji haujalitenga kwa shule, barabara au uwanja wa wazi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia mchoro wowote, ni busara kwenda ofisi ya ardhi kulinganisha namba ya kiwanja na ramani ya upimaji, kisha kumwita mpima ardhi aonyeshe bikoni zilipo. Nyumba iliyojengwa hatua mbili ndani ya kiwanja cha jirani haiokolewi na kibali chochote.

Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mito na fukwe za bahari na maziwa. Kiwanja kinachouzwa kwa bei nafuu karibu na mto huwa na sababu ya unafuu wake.

Jambo la pili ni matumizi ya ardhi. Kiwanja kilichotengwa kwa makazi pekee hakigeuki cha biashara kwa kuwa tu mwenyewe ametoboa ukuta na kuweka fremu tatu za duka upande wa barabara. Anayetaka hivyo huomba kwanza kubadili matumizi, na maombi hayo yana utaratibu wake.

Baada ya hapo ndipo kazi ya msanifu majengo huanza, na kazi hiyo ni zaidi ya kuchora vyumba.

Tuchukue mfano wa kiwanja chenye upana wa mita 20 na urefu wa mita 30, yaani mita za mraba 600. Iwapo masharti yatataka kuachwa mita 3 mbele na nyuma, na mita 2 kila upande, eneo linalobaki kwa ajili ya nyumba ni mita 16 kwa 24. Ramani nzuri ya nyumba yenye upana wa mita 18, hata kama imekwisha kulipiwa, haiwezi kuingia hapo.

Katika eneo hilohilo lazima pia papatikane mahali pa shimo la maji taka panapofikiwa na gari la kunyonya, njia ya maji ya mvua yasiyomwagikia kwa jirani, na nafasi ya kuegesha gari.

Ramani ya kununua haijui pia upande linakopita jua. Kwa mji wa joto kama Dar es Salaam, nyumba hupata nafuu kuta zake ndefu zikitazama kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la alasiri lipige kuta fupi. Madirisha yanayopokea upepo wa kusi na kaskazi, pamoja na baraza lenye kivuli, hupunguza gharama za umeme kwa miaka yote ya nyumba hiyo.

Michoro inayopelekwa halmashauri huonyesha nyumba ilivyokaa ndani ya kiwanja, mpangilio wa vyumba, sura za nje za pande zote, mkato wa jengo, msingi, paa na mfumo wa maji taka. Kwa nyumba ya ghorofa huongezwa michoro ya mhandisi inayoonyesha nguzo, mihimili na nondo zake.

Maombi yakishapokelewa, hata pale yanapowasilishwa kwa mtandao, hupitiwa na wataalamu wa fani mbalimbali: ardhi, mipango miji, uhandisi, afya na mazingira. Kila mmoja anaweza kuyarudisha yakafanyiwe marekebisho. Mara nyingi kinachoitwa usumbufu wa ofisini ni mchoro uliotengenezwa bila kutazama kiwanja.

Ni muhimu pia kuhakikisha kuwa mtaalamu aliyetia sahihi anatambuliwa. Wasanifu na wakadiriaji majenzi husajiliwa na bodi yao, wahandisi na yao, na makandarasi na yao.

Kosa jingine hutokea baada ya kibali kupatikana. Mwenye nyumba aliyeidhinishiwa nyumba ya chini huona fedha zimeongezeka, akaamua kupandisha ghorofa juu ya msingi uleule. Machoni pa sheria hilo ni jengo jipya lisilo na kibali. Kwa msingi, ni mzigo ambao haukuhesabiwa.

Gharama ya uamuzi wa namna hiyo ilionekana Ijumaa Kuu, Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, lilipoporomoka na kuua watu 36. Taarifa zilizotolewa baadaye zilieleza kuwa kibali kilikuwa cha ghorofa 10.

Nyumba ya familia ya ghorofa moja haifanani na jengo hilo kwa ukubwa, lakini kanuni ni ileile. Nguzo hubeba kile ilichokadiriwa kubeba, si kile mwenye nyumba alichotamani baadaye. Anayefikiria kupandisha ghorofa siku zijazo hana budi kumweleza mhandisi tangu mwanzo, ili msingi ukadiriwe hivyo.

Ujenzi ukianza, wakaguzi hutakiwa kuona kazi kwa hatua, hasa msingi kabla haujafukiwa na nondo kabla hazijamwagiwa zege. Kilichokwisha kufunikwa hakikaguliki tena.

Ada ya msanifu, ya mpima na ya kibali huonekana nzito kwa mtu ambaye bado hajaweka hata tofali moja. Lakini ni fedha inayolipwa wakati kosa bado liko kwenye karatasi, ambako hufutika kwa kalamu. Kosa likishafika kwenye zege, hufutwa kwa tingatinga.