Kuhusu neno 'jovial' na tafsiri yake

Miongoni mwa vivumishi vya Kiingereza vinavyotafsiriwa kwa pupa ni 'jovial'. Mfasiri hulikuta, akaona linahusu mambo ya furaha, akaandika 'mwenye furaha' na kupita. Kosa hilo huonekana dogo mpaka litokee katika tanzia. Msomaji huambiwa kwamba marehemu 'alikuwa mtu mwenye furaha', ilhali waliomjua wanafahamu kuwa maisha yake yalijaa dhiki, na kwamba sifa yake hasa ilikuwa kuwachangamsha wenziwe licha ya dhiki hiyo.

Asili ya neno yatufaa hapa. Lilitoka katika Kilatini kwa njia ya Kifaransa, likaingia katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16. Jove ni jina jingine la Jupiter, mungu mkuu wa Warumi, ambaye Wazungu walimpa jina lake sayari tuiitayo Mshtarii. Wanajimu wa Ulaya waliamini kwamba azaliwaye chini ya sayari hiyo huwa mcheshi na mkarimu, na azaliwaye chini ya Zohali huwa mzito, mwenye kununa. Ndiko litokako neno 'saturnine'. Nasi husema fulani ana nyota ya jaha, lakini nyota hiyo humpa mtu bahati, haimpi tabia. Msemo huo, ingawa wavutia, haufai kuwa tafsiri.

'Jovial', basi, hutaja mwenendo wa mtu mbele ya watu, wala si hali ya moyo wake. Katika tamthilia ya Macbeth, Shakespeare amelitia neno hili kinywani mwa Lady Macbeth, anapomhimiza mumewe awe hivyo mbele ya wageni wa karamu. Mume huyo amekwisha kumwua mfalme, na hofu imemjaa. Furaha hana, wala mkewe hamdai furaha. Amtaka akunjue uso tu.

Kiswahili hakikosi maneno. La kwanza ni 'mchangamfu', litokanalo na kuchangamka, kama 'mnyofu' litokavyo na kunyooka. Hili lamfaa mtu, na shina lake laifaa sauti au mazungumzo pia. 'Mkunjufu' li karibu, ila huelekea zaidi kwenye moyo usio na kinyongo. Na mkunjufu aweza kuwa mkimya, jambo ambalo 'jovial' halikubali. 'Mcheshi' lafaa panapokuwa na mzaha. 'Bashasha' ni nomino, nayo yapendeza katika mapokezi: 'alitulaki kwa bashasha'.

Mfasiri aangalie pia kwamba Waingereza hulitumia neno hili zaidi kwa wanaume, hasa watu wazima. Kwa mtoto ni nadra. Huyo huitwa 'cheerful', na hapo 'mwenye furaha' huenda likawa sahihi.