Mkaratusi ukikatwa, kazi ndiyo inaanza

Vikundi vinavyojitolea kusafisha vinamasi katika nchi ya majani chai, Bomet na Kericho, hupigwa picha siku moja tu: siku ya kukata. Misumeno inanguruma, mikaratusi inalala chini, mgeni wa heshima anahutubia, watu wanakwenda nyumbani. Mimi ningependa kuona picha za mwaka wa pili.

Mti huu wa Australia uliletwa Kenya mwaka 1902, utoe kuni za kuendeshea garimoshi za Reli ya Uganda. Kwingineko, kama Kampala, wakoloni waliupanda kwenye vinamasi makusudi ili vikauke na mbu wakose pa kuzalia. Kwa hiyo anayelalamika kwamba mkaratusi umemkaushia chemchemi analalamikia mti unaofanya kazi uliyoajiriwa kuifanya. Garimoshi ziliacha kuni zamani, lakini viwanda vya majani chai bado vinazitaka: majani hunyaushwa na kukaushwa kwa joto la mvuke, na mvuke huo hutoka kwenye kuni.

Mwaka 2009 John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye vyanzo vya maji. Mwaka huohuo zikatoka kanuni za ardhioevu na kingo za mito, zinazotenga ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto. Sheria ipo, basi. Kinachokosekana ni subira.

Kule Mokobulaan, Afrika Kusini, watafiti walipanda mikaratusi mwaka 1969 kwenye bonde lenye kijito wakapima maji. Mwaka wa tatu kijito kilianza kupungua. Wa tisa kikakauka kabisa. Miti ilikatwa ikiwa na miaka 16, na watu wangetarajia maji yarudi na mvua ya kwanza. Yalichukua miaka mitano zaidi kurudi kikamilifu. Mizizi ilikuwa imefyonza unyevu wa chini sana, na mvua ilibidi ilipe kwanza deni la udongo kabla ya kubakiza chochote cha kutiririka. Sidai kwamba udongo wa Merigi, huku Bomet, utafuata hesabu hiyohiyo, ila kikundi kinachokata tamaa baada ya msimu mmoja kimekata tamaa mapema mno.

Kuna pia shida ya kisiki. Chini ya gome la mkaratusi kuna macho yaliyolala; ukikata shina, yanaamka. Miezi michache baadaye kisiki kimezungukwa na machipukizi mengi, yote yakinywa kwa mizizi ileile ya zamani. Dawa ya magugu huua kisiki, lakini karibu na maji ya kunywa mimi naikwepa. Tumia panga: fukua udongo kuzunguka kisiki, menya gome lote hadi chini ya usawa wa ardhi pasibaki hata ukanda mwembamba wa kijani, kisha rudi kila baada ya miezi michache kung'oa kilichochipua. Usikichimbue kisiki kilicho ukingoni mwa mto. Mizizi ile, hata ikifa, inashikilia ukingo mpaka mimea mingine iote.

Mwati (black wattle), mti mwingine wa kuondoa vinamasini, ni mgomvi wa aina nyingine. Huo hauna visiki vikaidi sana, ila mbegu zake hukaa hai udongoni kwa miongo kadhaa, na joto la moto ndilo huzipasua ganda zikaota. Anayechoma matawi ya miwati kinamasini amepanda shamba jipya. Miche yake ing'olewe kwa mkono baada ya mvua, udongo ukiwa laini.

Pale palipo wazi magugu hayangoji. Katikati ya kinamasi yaacheni matete na mafunjo yarudi yenyewe; pembeni pandeni mianzi ya kienyeji, mizambarau ya mwituni, na tebeswet (Croton macrostachyus) pale pasipotuama maji.

Swali gumu zaidi ni la mwenye shamba. Kwake mikaratusi ile ni karo ya shule, nguzo na kuni za kuuza, na hakuna kikundi kinachoweza kuingia na msumeno bila ridhaa yake. Nadhani jibu ni kuhamisha mti, si kuulaani: juu kilimani, mbali na chemchemi, mizizi yake hutegemea zaidi mvua, ilhali bondeni ina maji mwaka mzima. Viwanda vya majani chai navyo vingesaidia sana kama vingekataa kununua kuni za miti iliyopandwa upya bondeni. Na maji haya si yetu peke yetu: mito ya huku, Nyangores na Amala, ndiyo inayokutana ikawa mto Mara, na Mara hupita hifadhini Maasai Mara na Serengeti mpaka Ziwa Victoria, upande wa Tanzania.

Basi vikundi vya Merigi, kabla ya kukodi msumeno, andikeni tarehe za kurudi kwa miaka mitatu ijayo, na jina la mtu atakayeshika panga kila tarehe. Kama hamna majina hayo, ahirisheni kukata.