Waingereza na Sisi (2): Amri Zilizogeuka Kiswahili

Septemba 2022 mstari wa watu ulijipanga kando ya mto Thames jijini London, ukakaa hivyo usiku na mchana kwa siku karibu tano. Mwili wa Malkia Elizabeth wa Pili ulikuwa umelazwa katika ukumbi wa Westminster, na kila aliyetaka kuuaga alitakiwa kwanza kuufuata mkia wa mstari, ambao siku nyingine ulifika hadi bustani ya Southwark, kilomita kadhaa kutoka ukumbini. Huko alivishwa mkononi utepe wa rangi wenye nambari. Utepe huo ulimruhusu kuchomoka kidogo, kwenda msalani au kununua chai, kisha akarudi mahali pake na walio nyuma wakampisha bila maneno. Watu wapatao 250,000 walipita mbele ya jeneza. David Beckham, aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa ya soka, alisimama zaidi ya saa 12 kama wengine, akila vitafunio pamoja na watu asiowafahamu. Serikali nayo ilirusha mtandaoni, saa kwa saa, habari ya mahali ulipofika mkia.

Mtu akitaka kumwelewa Mwingereza, aanzie hapo. Mstari kwake ni adabu, na aliyeuvunja hasahauliki upesi. Wapenzi wa tenisi huenda Wimbledon siku moja kabla, wakapiga mahema karibu na uwanja na kulala humo, kila mmoja na kadi yake yenye nambari na mwongozo uliochapishwa wa namna ya kupanga mstari. Hata hivyo sifa hii haikuanza kwao. Mwaka 1837 Thomas Carlyle, alipoandika historia ya mapinduzi ya Ufaransa, aliutaja ustadi wa kusimama mstarini kuwa ni wa watu wa Paris. Waingereza waliukomaza baadaye, hasa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mgao wa chakula ulianza Januari 1940 na haukwisha kabisa mpaka Julai 1954. Kwa miaka zaidi ya 14 mama wa nyumbani alisimama mbele ya duka la nyama na kitabu chake cha kuponi, akijua kwamba akichelewa, sehemu yake ipo, na akiwahi, hapati zaidi ya sehemu yake. Watoto waliolelewa kwenye mistari hiyo ndio wazazi na babu wa Waingereza wa leo.

Adabu hiyo ina ndugu zake. Mwingereza akikanyagwa mguu kwenye treni, mara nyingi ndiye anayeomba radhi. Akishuka basi, humshukuru dereva kwa sauti, na katika miji midogo abiria wote hufanya hivyo mmoja baada ya mwingine. Hapeani mkono kila asubuhi na mwenzake wa ofisini, hamuulizi jirani hali ya watoto wake mmoja mmoja kama afanyavyo Mswahili, lakini “tafadhali” na “samahani” hazimtoki mdomoni.

Ndipo linapokuja jambo la kushangaza. Watu hawa wenye “samahani” nyingi waliitawala Kenya, Uganda, Zanzibar na Tanganyika kwa miongo kadhaa, na katika Kiswahili wameacha mamia ya maneno. Mengi ni ya vitu: kabati, sketi, baiskeli, keki. Ya adabu karibu hakuna. Kiswahili kilikuwa nayo yake tangu zamani; tafadhali, samahani na ahsante zilikuja kwa njia ya Kiarabu, na “pole” haina hata mwenzake wa Kiingereza. “Sori” inasikika vijiweni, lakini mtu mzima anayeomba radhi kwa dhati haitumii. Kilichoingia kwa nguvu, kikakaa, ni amri.

Tuchukue hilo la mstari lenyewe. Kiswahili kilikuwa na mstari, safu na mlolongo. Hayakupungua. Lakini mwaka 1902 Waingereza waliunganisha vikosi vyao vya Afrika Mashariki na Nyasaland kuwa jeshi moja, King's African Rifles, ambalo Waswahili walisoma herufi zake za kwanza, K.A.R., wakaliita Keya. Kiswahili chepesi kilikuwa lugha ya kambi. Maofisa wa Kizungu walitakiwa kujifunza. Gwaride, hata hivyo, lilibaki na amri za Kiingereza. Kila alfajiri sajenti alipaza sauti, “Fall in!”, na askari walikimbia wakajipanga bega kwa bega. Hapo ndipo ilipozaliwa foleni. Aliyeisikia mara ya kwanza alikuwa kijana asiyejua Kiingereza, buti zikimbana, akitazama waliomtangulia wanafanya nini ili naye afanye. Neno likamwingia pamoja na hofu ya kuchelewa.

Foleni ilitoka kambini ikaenda zahanati, posta, duka la ushirika, shule. Leo, jijini Dar es Salaam, neno hilo limepata maana ambayo sajenti hakuijua: msongamano wa magari. Mtu akisema amekwama kwenye foleni ya Ubungo, hana maana kwamba amejipanga kwa utulivu.

Manowari ni neno la zamani kidogo, nalo lilitoka baharini. Waingereza waliiita meli ya vita “man-of-war”, na pwani ikalimeza jina hilo zima na kulifanya moja. Wazanzibari walizifahamu meli hizo kwa macho. Tarehe 27 Agosti 1896, baada ya Sayyid Khalid bin Barghash kuingia kasri bila idhini ya Waingereza, manowari zao zilifungua mizinga asubuhi, na ndani ya dakika kama 40 hivi mambo yakawa yamekwisha. Vitabu vya Kiingereza vya maajabu hupenda kuvitaja vita hivi kuwa vifupi kuliko vyote duniani, na wasomaji wao hutabasamu. Upande wa Unguja waliouawa na kujeruhiwa walikuwa karibu 500. Meli ya Sultani, iliyokuwa na jina la Glasgow, ilizama pale pale bandarini kwenye maji mafupi, na milingoti yake ilibaki imetokeza juu ya maji hadi 1912. Kwa miaka 16 kila mvuvi aliyetoka Forodhani aliipita. Ni vigumu kuikumbuka milingoti hiyo na bado kuviona vita hivyo kichekesho.

Neno zito kuliko yote liko katikati ya Dar es Salaam. Watu hulitaja kila siku wakiwaza vitambaa, dagaa, nyanya, simu za mkononi au mechi ya Simba na Yanga. Majeshi ya Uingereza yaliingia mjini Septemba 1916, na wapagazi wao wakawekwa kambi katika eneo hilo. Kikosi chao kiliitwa “Carrier Corps”. Midomo ya watu ikatengeneza Kariakoo, na Nairobi nayo ikapata mtaa wa jina hilo hilo, Kariokor.

Vita ya kumfukuza kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, haikuwa na reli ya kutosha wala barabara, na farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Ikabaki migongo na vichwa vya watu. Wanaume kutoka Nyanza, Ukamba, Unyamwezi, Uganda, Nyasaland na kwingineko walichukuliwa, wengine kwa ahadi ya mshahara, wengi kwa kukamatwa, na kila mmoja akapewa nambari. Walibeba risasi, unga, mitungi ya maji, vipande vya mizinga, kilo 25 hivi kwa mtu, wakavuka Rufiji wakati wa mvua. Wengi hawakupigwa risasi. Waliharisha damu, wakashikwa na malaria na vichomi, wakala unga wa mahindi usioiva kwa sababu sufuria hazikutosha na kuni zililowa. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika watu karibu milioni moja waliopita katika kazi hiyo upande wa Waingereza, karibu 100,000 hawakurudi nyumbani.

Hapa tabia nyingine ya Mwingereza inafaa kutazamwa kwa makini. Hakuna taifa linaloyapenda majina ya wafu wake wa vita kuliko hili. Kijiji kidogo chenye kanisa moja na baa moja kina jiwe lake, na majina ya vijana waliokufa 1914 hadi 1918 yamechongwa kwa mpangilio wa alfabeti. Kila Novemba watu huvaa ua jekundu la karatasi kifuani, wakanyamaza dakika mbili. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliweka kanuni kwamba tajiri na maskini, jenerali na kuruta, wote wapate kaburi au jina lililo sawa. Kanuni nzuri sana. Aprili 2021 tume hiyo yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba wafu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao Waafrika na watu wa Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. “Samahani” ilifika, basi, miaka zaidi ya 100 baada ya vita. Kwa wapagazi wengi jina pekee lililobaki ni la soko.

Nambari za wapagazi hazikuishia vitani. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, mtu aliyeletwa kwa mkataba kutoka Kigoma, Songea, Iringa au Burundi aliandikishwa kwa namba, akaitwa kwa namba, na kutokana na namba hiyo likapatikana neno manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo cha kuwakusanya vibarua, kikajulikana vijijini kwa kifupi chake, Silabu. Mkononi manamba alikuwa na kadi, kipande, yenye vyumba 30. Siku aliyomaliza kukata idadi ya matita aliyopangiwa, chumba kimoja kilitiwa alama. Asipomaliza, hakuna alama, na jasho la siku hiyo limekwenda bure. Mshahara ulingoja vyumba vyote 30 vijae.

Utepe wa Southwark ulikuwa na nambari, na kipande kilikuwa na nambari. Wa kwanza ulimlindia mtu nafasi yake ili jina lake libaki lake. Cha pili kilichukua nafasi ya jina. Kenya imelichukua neno manamba na kuwapa vijana wa matatu, wanaoning'inia mlangoni wakiita abiria. Nao hulivaa kwa kifua mbele.

Amri iliyopata bahati kuliko zote ni ya barabarani. Uingereza iliweka katika sheria ya barabara ya 1835 kwamba vyombo vipite kushoto, na makoloni mengi yakafuata. Juu ya visiwa vya katikati ya makutano paliwekwa kibao: “Keep left”. Mwingereza anaijali mizunguko hiyo kuliko mgeni anavyoweza kudhani. Mwaka 1966 kanuni ilibadilishwa ili anayeingia ampishe aliye ndani tayari, na mizunguko iliyokuwa ikijifunga ikafunguka. Mwaka 1972 mji wa Swindon ukajengewa mzunguko wa ajabu: vizunguko vitano vidogo vimeuzingira mmoja wa katikati, na magari ya ndani huenda kinyume cha yale ya nje. Aliye nje huona fujo. Dereva wa Swindon hupita akisikiliza redio, kwa kuwa kila anapofika anajua nani apishwe, ambayo ni foleni ileile ya Southwark ikiwa na magurudumu. Kuna hata chama cha wapenzi wa mizunguko, na kalenda za picha zake.

Watanzania walikisoma kibao kile, wakasikia “kip” mwanzoni, na sarufi ikafanya kazi yake bila kumuuliza mtu. Kilichoanza kwa ki- ni cha ngeli ya kitabu na kiti. Kimoja kipilefti, vingi vipilefti. Ni ufundi uleule uliofanya “mudguard” ya baiskeli isikike kama wingi, yakawa madigadi, na moja lake digadi. Anayetaka kujua kama lugha imekishinda kitu kilichotoka nje, asihesabu maneno yaliyoingia. Atazame wingi wake unaundwaje.

Kipilefti maarufu kuliko vyote Dar es Salaam kiko kwenye mtaa wa Samora. Wajerumani walisimamisha hapo sanamu ya gavana wao von Wissmann; Waingereza wakaiondoa, na 1927 wakaweka askari wa shaba, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Chini yake kuna maneno ya Rudyard Kipling kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, kwa heshima ya askari na wapagazi waliokufa. Daladala, bodaboda na mikokoteni humzunguka kutwa nzima. Askari, mpagazi na “keep left” wamekutana mahali pamoja.

Lori linalotoka bandarini hapo kwenda Kigali husafiri kushoto mpaka mpakani Rusumo. Likishavuka, linahamia kulia, kama Wabelgiji walivyoizoesha Rwanda. Lakini utingo anayemwelekeza mwenzake njia ya mjini bado anamwambia: ukifika kipilefti cha pili, shika kulia.

(Itaendelea: chai, na kwa nini jina lake halikutoka London.)